Ukili wa Waya

Siti binti Likwata hajawahi kushika usukani wa gari. Ukimuuliza alteneta ni nini atakwambia ni kile kidude kinachozungushwa na injini ili betri ipate chakula chake. Ndivyo alivyoelezwa na mumewe, na yeye aliona inatosha. Kazi yake ni kusuka. Alisuka nywele za watu ukumbini kwa Bi Zamzam, Mtaa wa Mchikichi, na wateja wasipotokea alisuka ukili wa mikeka, macho yakiwa barabarani, vidole vinakwenda vyenyewe.

Ukili alifundishwa na shangazi yake huko Lindi, kabla hajavunja ungo. Alipokuja Dar es Salaam kwa meli, mwali mpya anayemfuata mume, alibeba furushi la miyaa iliyokwisha tiwa rangi, kwa sababu hakuwa na hakika kama mjini ukindu unapatikana. Wanawake wa kwenye nyumba walimcheka sana siku ile. Wengine walisema wameona mabibi harusi wakija na masufuria, huyu kaja na majani.

Mumewe Shaibu ni mtu wa Nachingwea. Alianza kama kuli bandarini, akabeba magunia mpaka bega moja likawa chini ya lenzake. Siku moja winchi ya meli iligoma. Akaja fundi mmoja Mgoa, akaifungua ubavuni, akatoa kipande cha waya kilichoungua, akaweka kingine, na lile dude zima likanyanyuka. Shaibu akajiambia kwamba yeye anabeba mizigo kwa mgongo na kumbe kuna watu wanaibeba kwa uzi. Akamfuata yule Mgoa kila alipokwenda, akimshikia bisibisi, mpaka akakubaliwa. Ndiyo ikawa sababu ya yeye kuwa fundi umeme wa magari pale mtaa wa Gerezani, chini ya bati lake, na mwanawe Uwesu alisoma mpaka akaenda jeshi la kujenga taifa kwa kazi hiyo hiyo.

Chumba chao kilikuwa na miyaa upande mmoja na nyaya upande wa pili. Shaibu alikuwa akisema kazi zao ni moja, tofauti ni kwamba ya mkewe haipigi shoti.

Basi mwaka ule wa themanini na tatu, wa msako wa wahujumu uchumi, alifika Gerezani dereva anaitwa Tarsis. Alikuwa Mngoni wa maneno mengi, anaendesha Landrova ya kijiji cha Mtundwe, upande wa Rufiji. Kijiji hicho kilikuwa na zahanati, na zahanati ilikuwa na taa za kutumia betri ili akinamama wasijifungue gizani. Betri yenyewe ilichajiwa na Landrova. Tarsis akipeleka mizigo, betri ya zahanati inapandishwa nyuma, inaunganishwa, akirudi inashushwa. Lakini gari lilikuwa na dainamo kongwe, na dainamo hiyo betri mbili ilizishindwa. Taa za gari zikiwaka, betri ya zahanati inarudi na njaa yake.

Kijiji kikahangaika, kikapata alteneta kubwa iliyotolewa kwenye gari la wagonjwa lililopinduka. Tarsis akaileta Gerezani ndani ya gunia, ameipakata kama mtoto, akamwambia Shaibu aifunge.

Shaibu aliifunga vizuri. Alichongesha mkono wa chuma wa kuishikilia, akatafuta mkanda wa saizi yake, akaikaza. Waya wa kutoka pale kwenda kwenye betri aliuacha ule ule wa dainamo, uliopita nyuma ya dashibodi. Kosa lilikuwa hapo. Mafundi wa Gerezani miaka ile waliuamini mno waya uliokuja na gari. Waya wa Mwingereza haufi, walisema, waya wa siku hizi ndio wa kuogopa. Shaibu akifungua boneti la gari la zamani na kukuta nyaya zake za kuzaliwa, alizipangusa vumbi na kuzifunika kwa adabu. Hakukumbuka kwamba ule waya ulipimwa kwa dainamo ndogo, na sasa umebebeshwa mzigo wa mara tatu yake.

Jumamosi asubuhi Tarsis alitoka kulijaribu gari, taa zote zikiwaka mchana kweupe, betri mbili zimeunganishwa. Hajafika kwenye reli, moshi ukatoka nyuma ya dashibodi. Alirukia boneti, akang'oa kichwa cha betri kwa mkono, vidole vikaungua. Watu wakamsaidia kusukuma gari mpaka kwa fundi. Nyaya za nyuma ya saa za dashibodi, zile za mafuta na mwendo, zilikuwa zimeshikamana kama tambi zilizolala.

Shaibu alirudi nyumbani mapema kuliko kawaida yake, akakaa barazani na nguo za kazi. Siti alikuwa ukumbini, katikati ya kichwa cha Candida, Mchagga wa chumba cha mbele aliyefanya kazi kiwanda cha nguo. Alimwona mumewe amekaa, anaitazama mikono yake. Akamsalimu, akajibiwa kwa mbali. Akamuuliza kulikoni Baba Uwesu, na ndipo akaelezwa yote.

Kuungua kwa gari siko kulikomtisha. Magari huungua. Lakini hili lilikuwa mali ya umma, na Jumatatu asubuhi katibu wa kijiji angekuja na sanduku za dawa kulichukua. Katibu huyo, Bwana Bushiri, alijulikana kuwa mkali kama siki. Akikuta nyaya zimeungua na dainamo imetolewa, ataona nini zaidi ya watu wawili waliouza vifaa vya kijiji kisha wakachoma moto kuficha? Wiki chache nyuma fundi jirani wa Gerezani alichukuliwa kwa sababu ya matairi aliyoshindwa kueleza yametoka wapi, na hadi siku hiyo mkewe alikuwa akipeleka chakula na kurudi bila kuonana naye. Tarsis alimwambia Shaibu maneno yaliyomwingia kifuani.

“Mimi nitaulizwa mara moja tu, fundi. Mara ya pili utaulizwa wewe.”

Siti aliuliza gari linataka nini ili lipone. Shaibu akamwonyesha kidole gumba chake: waya mnene kiasi kile, unaotoka kwenye alteneta moja kwa moja mpaka kwenye betri, usipite kwenye dashibodi kabisa. Alikuwa ameshazunguka Kariakoo yote. Maduka yalikuwa wazi na rafu ni tupu. Aliyekuwa na roli la waya alikuwa amelificha au amelitupa, maana kukutwa na kitu kingi bila risiti ilikuwa balaa. Ukiulizia waya mnene, muuza duka anakutazama kama umetumwa na askari. Nyaya nyembamba, zile za pasi na redio, vipande vyake havikosekani, lakini nyembamba zingeungua kama ule wa kwanza.

Siti alikuwa ameshika mashungi matatu ya nywele za Candida. Akayatazama.

“Na nyembamba nyingi zikisukwa pamoja?” akasema.

Shaibu akaendelea kuitazama mikono yake.

“Nakuuliza, Baba Uwesu. Umeme unajua kama huu ni waya mmoja au nyingi zimeshikana?”

“Haujui,” Shaibu akasema polepole. “Unataka shaba tu. Shaba nyingi.”

“Basi tafuta shaba. Kusuka niachie mimi.”

Candida akauliza na kichwa chake je, nusu kimesukwa nusu kimesimama, kesho aende misa kama kuku aliyenyonyolewa upande mmoja? Siti akampa kanga ajifunge. Candida akajifunga kweli, lakini hakurudi chumbani. Katika nyumba zile yeye ndiye aliyekuwa akikusanya michango ya harusi, na hakuna aliyewahi kumkwepa. Akapita mlango kwa mlango na kapu, anaomba mchango wa waya. Watu wakamuuliza harusi ya nani.

“Ya alteneta,” akawajibu. “Bwana harusi ana mwili, bibi harusi kakondeana, leo asubuhi kazimia.”

Watu walicheka, kisha walipojua ni shida ya Shaibu wakaacha kucheka, wakaingia ndani kutafuta. Siku zile watu walikuwa na hofu ya vitu, lakini waya wa pasi iliyokufa nani atakushtaki nao? Mmoja alitoa waya wa redio. Mwingine alikata ule aliokuwa akianikia nguo. Muuza kahawa wa kona alikuja mwenyewe na waya wa taa ya genge lake, akasema atatumia kibatari. Bi Zamzam, mwenye nyumba, alisema hana kitu, akafunga dirisha. Siti hakumlaumu. Alikuwa akilitazama lile kapu linavyojaa na haamini, kwa sababu miaka yote alidhani katika mtaa ule watu wanamjua kwa nywele tu.

Jumapili walikwenda Gerezani mchana. Siku hizo Jumapili ikishagonga saa nane magari hayakuruhusiwa kutembea, kuokoa mafuta, na barabara zikawa za watoto na mpira wa makaratasi. Hakuna mteja wa kusema nipe gari langu niondoke. Shaibu alikuwa akiziweka kazi za nyaya siku hiyo miaka yote. Landrova ilikuwa imefunguliwa boneti, Tarsis amekaa kwenye bampa na vidole vyake vimefungwa kitambaa.

Shaibu alipima kwa kamba kutoka kwenye alteneta mpaka kwenye betri, akaanza kukata nyaya zote kwa urefu ule. Siti akamwambia azidishe, kwa sababu kusuka kunakula urefu. Shaibu akamjibu kwamba waya si ukindu, haunywei. Siti aliona amekwisha babaika vya kutosha, hakumbishia. Akatandika mkeka, akakanyaga ncha za nyaya kwa kidole gumba cha mguu kama anavyofanya nyumbani, akaanza.

Mwanzoni zilimkataa. Ukindu ukiulowesha unatii. Waya unarudi ulikotoka, una kichwa kigumu. Akajifunza kuukunja kwa kiganja badala ya ncha za vidole. Baada ya hapo kazi ikaenda, ukili bapa unashuka, nyekundu na nyeusi na kahawia zinapishana, na Tarsis akawa anasema mkeka kama ule hata yeye angeulalia, ila asijigeuze.

Alipomaliza, Shaibu aliuchukua akaulaza ndani ya gari. Upande mmoja uligusa alteneta. Upande wa pili uliishia hewani, mkono mzima kabla ya kufika kwenye betri.

Tarsis alicheka kidogo. Shaibu alikaa juu ya tairi, akainamisha kichwa. Siti angeweza kumwambia si nilikwambia, na neno lilikuwa tayari mdomoni. Akamtazama bega lake lile lililoshuka, akalimeza. Badala yake akamkumbusha kwamba hakuna mwaa wenye urefu wa mkeka. Msukaji hupachika mwaa mpya ule wa zamani unapokaribia kwisha, mmoja hapa, mwingine mbele kidogo, viungo visikae pamoja. Wafanye hivyo hivyo na waya. Yeye apachike, Shaibu atie risasi ya kuyeyusha kwenye kila kiungo. Kilichokosekana ni nyaya zenyewe, maana kapu lilikuwa tupu.

Tarsis alitumwa Mtaa wa Mchikichi aone kama kuna yeyote aliyebakiwa na kipande. Alirudi anatembea polepole nyuma ya Bi Zamzam, aliyekuja kwa miguu na mwavuli mkononi, amepandisha pumzi. Wote wakamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akachomoa waya mrefu mweupe kutoka chini ya baibui. Siti aliutambua. Ulikuwa wa feni yake ya kusimama, aliyoachiwa na marehemu mumewe, ambayo hakuna aliyeruhusiwa hata kuigusa.

Siti akaanza kusema haiwezekani, joto hili atalalaje.

“Kipupwe hicho kinakuja, feni ya nini,” Bi Zamzam akasema. “Na huyu akichukuliwa, ikiharibika nitampa nani?”

Akakaa kwenye kigoda, akataka kuona unasukwaje.

Siti akafumua ncha, akaanza kupachika. Kila alipoongeza uzi, Shaibu aliviringisha ncha mbili pamoja, akatia risasi kwa chuma alichokichoma kwenye jiko la mkaa, akafunga kwa mpira. Siti akinyoosha mkono anapewa. Shaibu akivuta, yeye analegeza. Ukili ulipofika kwenye betri na kubaki na ziada, Shaibu alimwomba jambo moja: karibu na mwisho, kiasi cha shubiri, apunguze nyuzi, pawe pembamba kuliko kwingine. Siku mzigo ukizidi, paungue pale nje, mahali pa kuonekana, moto usiingie ndani ya gari. Siti alielewa mara moja. Ndivyo unavyopunguza miyaa unapofunga upindo, ukingo wa mkeka.

Kwenye ncha Shaibu alibana vipande vya bomba la shaba la friji bovu, akavipiga nyundo, akavitoboa. Ukili mzima ukaviringishwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Nyuzi zilizobaki Siti alizisuka kuwa kipande kifupi cha pili, cha kufunga injini na bodi, kwa sababu Shaibu alisema umeme unaokwenda lazima uwe na njia pana ya kurudi. Zile nyaya zilizoshikamana za dashibodi Shaibu alizitoa zote, akaweka vipande alivyokuwa navyo, maana sasa zilibaki kubeba taa na honi tu.

Jua lilikuwa bado lipo walipoiwasha. Landrova ilinguruma pale pale ilipo. Shaibu akaunganisha betri ya pili, akawasha taa zote, akaweka kiganja juu ya ukili na kufumba macho. Walisubiri. Watoto wa mpira walikuja kutazama, wakachoka, wakaondoka. Mwishowe Shaibu akamshika mkewe mkono, akauweka pale kiganja chake kilipokuwa.

Ulikuwa vuguvugu tu, kama chai iliyosahauliwa. Bi Zamzam akasema alhamdulillahi kwa sauti ndogo, na Siti akakaa pale pale chini kwenye mafuta.

Jumatatu asubuhi Bwana Bushiri alifika na mkokoteni wa sanduku za dawa. Mrefu, mkavu, suti ya Kaunda imepigwa pasi. Siti alikuwa amekuja na chai ya mafundi, akasimama pembeni. Katibu aliinua boneti mwenyewe. Aliona mahali dainamo ilipokuwa, akaona alteneta, akaona lile dude bapa limefungwa tyubu, limepita kama nyoka kando ya injini. Akainama, akanusa. Harufu ya kuungua ilikuwa bado ipo.

Tarsis alimkonyeza Shaibu asiseme kitu. Siti alimwona. Na yeye moyoni aliomba mumewe anyamaze.

“Nilikosea, Bwana Katibu,” Shaibu akasema. “Niliacha waya wa zamani, ukaungua. Dainamo yenu iko ndani ya gunia hili. Huu ni mpya, umetoka kwa majirani zangu, na aliyeusuka ni mke wangu, yule pale.”

Aliyekuwa akigonga bodi upande wa pili aliacha nyundo. Katibu alifungua gunia akaitazama dainamo. Akamwambia Tarsis awashe gari na taa zote. Akasimama anasikiliza, mikono nyuma, muda mrefu mpaka chai ikapoa. Kisha akaupapasa ukili tangu mwanzo hadi mwisho, na alipofika pale pembamba akageuka akamuuliza Siti pana nini. Siti alimwambia ni upindo, pamepunguzwa makusudi ili pakikatika pakatike pazuri. Akamuuliza utadumu? Akajibu kwamba mkeka unadumu kadiri unavyotunzwa. Usiachwe ukasagwa na kitu, na ile tyubu ikipasuka ibadilishwe.

“Tulileta gari na alteneta,” Bwana Bushiri akasema. “Naona tunaondoka na kazi ya mtaa mzima. Mama, kijiji kinakushukuru. Na wao uwaambie.”

Akaagiza sanduku zipakiwe. Tarsis alipiga honi mpaka alipokata kona.

Baada ya hapo mafundi wengine walianza kumletea Siti nyaya, kwanza kwa utani, kisha kwa kazi. Mpaka leo ukipita kwa Bi Zamzam unaweza kumkuta anasuka kichwa cha mtu na pembeni amekanyagia ukili wa waya unaongoja. Lakini jioni ile ya Jumatatu hakusuka kitu. Alioga, akajifunga kanga safi, akasema anakwenda kufikisha salamu za katibu. Shaibu naye akavaa kofia yake, akasema wanakwenda wote.

Siti alishangaa, maana mumewe si mtu wa kwenda kwa watu. Walianza kwa muuza kahawa, wakaingia kwa mwenye redio, kwa mwenye kamba ya nguo, kwa Candida. Katika milango ya kwanza Siti ndiye aliyesema, Shaibu amesimama nyuma anatikisa kichwa. Walipofika katikati ya mtaa akaanza kusema na yeye. Na kwa Bi Zamzam, waliyemweka mwisho, Shaibu alisema asante kabla mlango haujafunguliwa.